Raba Zilizonenepa

Jumatatu, 8 Desemba

Hili sijamwambia mtu, hata mama nilipompigia simu jioni: leo nimemwona fundi Marko akiiba.

Alipokea kwangu raba mbili mpya za breki, akageukia ukutani kama mtu anayetafuta spana, akazitia mfukoni mwa ovaroli. Kisha akaenda kwenye gari la mteja akafunga raba nyingine, sijui alizitoa wapi. Alipogeuka, mimi nilikuwa naangalia chini. Huwa naangalia chini. Watu hudhani sioni kitu, kumbe asiyetazama nyuso za watu hubaki na nafasi kubwa ya kutazama mikono yao.

Hapa ni Kizota, gereji ya mjomba Abdulwahab. Nimemaliza kidato cha nne mwezi uliopita, nikaja kutoka Kondoa kusubiri matokeo. Nalala kwa mjomba, Mkonze, na asubuhi tunakuja kazini pamoja. Nimekabidhiwa kabati la spea: fundi akihitaji kitu, natoa. Vilevile naosha vyuma. Mafundi ni wawili tu. Mjomba anashughulika na injini, Marko na breki. Jumapili Marko yuko kanisani, kwa hiyo siku hiyo mjomba hufanya vyote.

Wanataniana kutwa, mjomba Mrangi na Marko Mgogo. "Mrangi, hilo shati unalivaa tangu Idi ipi?" "Mgogo, nyamaza, ng'ombe wako wamepita hapa wanakuulizia." Wateja wanacheka. Nami nilikuwa nafikiri mtu anayecheka na tajiri yake hivyo hawezi kumwibia. Leo nafikiri labda ndiyo sababu anacheka.

Alhamisi, 11 Desemba

Joto. Raba mbili tena, mfuko uleule.

Jumanne, 16 Desemba

Mvua ya kwanza. Ilikuja mchana na vumbi lake, bati likapiga kelele hadi tukawa tunaongea kwa mikono. Magari yakaachwa nje, tukabaki ndani watatu, na fundi Marko akaniita mezani kwake. Sikutaka kwenda, nikaenda.

Alikuwa amefungua breki ya mbele ya gari dogo. Alinionyesha kile kipande kizito cha chuma kinachokumbatia diski ya gurudumu. Wao wanakiita kalipa. Ndani yake mna tundu, na ndani ya tundu mna pistoni, kama kikombe kidogo kinachong'aa.

"Umesoma fizikia?"

"Ndiyo, fundi."

"Sauti umeiacha Kondoa? Sikusikii."

"Ndiyo, fundi!"

"Haya. Mguu ukikanyaga, oili inasukuma pistoni, pistoni inasukuma pedi, pedi zinabana diski, gari linasimama. Hilo hata Mrangi mjomba wako analijua. Sasa mguu ukiachia, nani anairudisha pistoni nyuma?"

Nikasema springi. Akacheka, lakini si kwa kunidharau.

"Hakuna springi humu. Ni hii." Akainua raba, kijiduara cheusi chembamba, akakiweka kwenye mfereji wake ndani ya tundu. "Pistoni ikitoka, raba inajipinda nayo kidogo. Mguu ukiachia, raba inajinyoosha, inairudisha. Raba ndiyo inayokumbuka pa kurudi. Ukiiosha kwa petroli au dizeli inanenepa, inasahau. Raba ya breki inaoshwa kwa oili ya breki tu. Umesikia?"

"Nimesikia."

Mjomba alikuwa upande wa pili, anafuta mikono. Nilijiuliza: mbona mwizi wa raba anazipenda raba kiasi hiki?

Ijumaa, 19 Desemba

Mvua. Nimeosha vyuma tu.

Jumatatu, 29 Desemba

Mwalimu Abeli, mzee mstaafu wa Hombolo, amerudi na gari lake. Aliingia polepole, na gurudumu la mbele kushoto lilikuwa linatoa moshi kwenye mvua. Harufu yake ilikuwa kama ya sufuria iliyosahauliwa jikoni.

"Abdulwahab," alisema, hata shikamoo yangu hakuiitikia, "nilikuachia gari hapa wiki jana nikaenda ibadani. Umenifanyia breki. Sasa breki zimekamata, haziachii. Leo nimekanyaga karibu na reli, pedeli ikazama mpaka chini. Mpaka chini! Nimesimama kwa kupanda tuta."

Mjomba aliinama kutazama gurudumu, akasema ni mvua, maji yameingia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, lakini niliisikia: "Au ni vifaa. Siku hizi humjui anayekushika mkono."

Marko ndiye aliyefungua. Pistoni ilikataa kutoka. Ilipotoka hatimaye, aliitoa raba kwa kijiti, akaiweka kiganjani. Ilikuwa imevimba, laini, inavutika.

"Imekuwa mlenda," alisema.

Kisha akafanya jambo lililonitisha. Hakumtazama mjomba. Alinitazama mimi, muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Wezi hutafuta wa kumsukumia kosa lao. Nimelifikiria hilo hadi usingizi ukaja.

Jumamosi, 3 Januari

Mjomba ameleta pakiti mpya za raba kutoka nyumbani, nimezipanga. Marko alipita, akanusa pakiti moja. Nani hunusa spea?

Alhamisi, 8 Januari

Fundi Marko ameniuliza maswali. Alingoja mjomba aende kujaribu gari, akaja kabatini.

"Munira, hizi raba unazitoa boksi gani?"

"Hili."

"Nani analijaza?"

"Mjomba."

"Wewe huchezi nazo? Huzioshi?"

"Naziosha kwa nini, fundi? Si mpya?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Mdomo wangu ukifunga hauna ufunguo. Akaondoka akitikisa kichwa, na jioni nikamwona akichukua nyingine mbili, anazitia mfukoni, anavuka barabara kwa Tabu, mama lishe. Alikaa kule nyuma ya banda lake, kwenye moto. Sikuona alichofanya.

Ninachojua ni hiki: anataka nionekane mimi.

Jumatano, 14 Januari

Nimemwambia mjomba. Tulikuwa tunarudi Mkonze, vioo vimefungwa kwa sababu ya mvua, na nilijua nikifika nyumbani ujasiri utakuwa umekwisha.

"Mjomba, fundi Marko anachukua raba. Anazitia mfukoni. Nimemwona mara nyingi."

Nilidhani atakasirika, au atanihoji. Hakuuliza chochote. Hata siku gani hakuuliza. Alipumua kama mtu aliyeshushiwa gunia.

"Umefanya vizuri, mwanangu. Sasa tumejua. Usimwambie mtu."

Nilipaswa kufurahi. Chakula kilikuwa kizuri, nyama na wali, na mke wa mjomba, mama Batuli, alinipa kipande kikubwa. Lakini niliendelea kuisikia ile pumzi. Mtu akiambiwa rafiki yake wa miaka mingi ni mwizi, hupumua hivyo?

Ijumaa, 16 Januari

Fundi Marko ameondoka. Naandika kama nilivyoona.

Saa nne hivi, wateja watatu wakiwa wamekaa kwenye benchi, mjomba alimwita Marko katikati ya gereji.

"Mgogo, toa vilivyomo mfukoni."

Marko alicheka kwanza. Alifikiri ni utani. Hata wateja walianza kucheka. Kisha akauona uso wa mjomba. Akatia mkono mfukoni, akatoa raba mbili.

"Hizi ni nini?"

"Raba."

"Za nani?"

"Zako, Mrangi," alisema Marko. "Zako kabisa."

"Unazipeleka wapi?"

Marko aliwatazama wale wateja, akamrudia mjomba. Alisema taratibu: "Unataka niseme hapa, mbele ya hawa? Au niondoke?"

Nilikuwa nashika mlango wa kabati. Nilimwona mjomba akimeza mate.

"Ondoka."

Basi. Hakuna aliyepiga kelele. Fundi Marko alikusanya spana zake moja moja, akazifunga kwenye kitambaa. Alipopita mbele yangu nilitazama viatu vyake. Vikasimama.

"Binti, kabla hujatoa raba, ibane kwa ukucha. Alama ikipotea, nzuri. Alama ikibaki, usimpe mtu aifunge."

Mwizi anayeondoka huwa anaacha maagizo ya namna hiyo? Na kwa nini yeye ndiye aliyeuliza "unataka niseme?", na mjomba ndiye aliyeogopa?

Jumatano, 21 Januari

Mvua kubwa. Hakuna utani gereji. Mjomba anaongea na redio.

Jumamosi, 31 Januari

Matokeo yametoka. Daraja la tatu. Mama amelia kwa furaha, mimi sijui nililie nini. Fizikia nimepata C.

Jumatatu, 2 Februari

Nimefanya alichosema. Nilifungua pakiti mpya, nikaibana raba kwa ukucha. Alama ikabaki. Nikafungua ya pili. Ikabaki. Zote za boksi lile. Nikazinusa, kama alivyonusa yeye. Dizeli.

Mchana nilivuka kununua chai kwa Tabu. Yeye huongea bila kuulizwa, lakini leo nilimwuliza.

"Shikamoo dada Tabu. Eti fundi Marko alikuwa anakuja kufanya nini hapa nyuma?"

"Marahaba. Hee, na wewe unaongea! Nilidhani wamekuleta bubu." Akakoroga maharage. "Alikuwa anachoma raba. Anaomba moto, anatupia raba zake, moshi mweusi mpaka kwenye chakula changu. Nikamwambia Marko, mteja akila maharage yenye ladha ya tairi utamlipa wewe? Anasema, dada Tabu, heri maharage yanuke kuliko mtu afe."

"Hakusema kwa nini?"

"Mgogo yule? Anasema utani tu. La maana halimtoki."

Nilirudi na chai ikapoa mkononi. Hakuiba. Alikuwa anaziondoa asije mtu akafungiwa, anaweka zake. Na gari lililorudi likinuka halikufungwa na yeye. Mwalimu Abeli alileta gari siku ya ibada. Jumapili. Jumapili breki anafunga mjomba.

Sitaki kuandika ninachofikiri sasa.

Jumatano, 4 Februari

Naandika kwa sababu nikikaa nacho kitanioza.

Mkaa ulilowa, mama Batuli akanituma stoo ya nje kutafuta mkavu. Nyuma ya gunia la mahindi kulikuwa na kopo kubwa la rangi, lenye kifuniko. Lilinuka dizeli. Nikafungua. Ndani zilikuwa raba za breki, nyingi, zimelala kwenye mafuta meusi kama mende waliokufa. Baadhi bado zilikuwa nyembamba na zina michubuko. Nyingine zilikuwa zimeshanenepa, zinang'aa. Pembeni, kwenye mfuko wa nailoni, kulikuwa na pakiti tupu za dukani, zimenyooshwa vizuri.

"Usiguse hizo, ni za mjomba wako!" mama Batuli alisema nyuma yangu. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Anaziloweka."

"Anaziloweka?"

"Za zamani. Zikikaa wiki zinapata afya, zinakuwa kama mpya. Ni kama kuloweka choroko, mwanangu. Mimi nilidhani ni uchafu, nilitaka kutupa, akanigombeza siku nzima. Anasema alijifunza kwa tajiri wake wa kwanza, zamani, wakati spea hazipatikani."

"Na sasa zinapatikana."

"Sasa zinapatikana," alisema, akachukua mkaa. "Lakini mtu na mazoea yake."

Usiku huu mjomba amesali, amekula, ameniuliza kama nimechoka. Nimetazama mikono yake. Ni mikono ileile iliyonibeba kwenye mazishi ya baba. Ninamshuku mtu huyo.

Jumapili, 8 Februari

Nimekwenda kwa fundi Marko. Anakaa si mbali na kwa mjomba. Nilingoja watu watoke kanisani, nikasimama nje ya ua hadi mkewe akaniuliza kama nimepotea.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Hapana."

"Mrangi amekutuma uone kama nimefungua gereji."

"Hajui nimekuja. Nimeona kopo."

Akanionyesha kigoda. Nilimweleza yote kwa sauti yangu ndogo, na hakuniambia niiongeze. Nikamwambia pia kwamba mimi ndiye niliyemsemea kwa mjomba.

"Nilijua ni wewe. Nami nilidhani ni wewe unayeziharibu."

"Mimi?"

"Kabati lako. Na hutazami watu usoni. Nikasema, huyu mtoto anaosha raba kwa dizeli kwa ujinga, au anauza nzuri anaweka mbovu." Akacheka kidogo. "Tumeshukuana sisi wawili bure, mwenye kopo anafungua injini zake."

Nilicheka, kisha nikamwambia kilichonileta. Jumamosi kuna harusi ya binamu yangu huko kwetu Kondoa, kabla ya Ramadhani. Bwana Habibu, mfanyabiashara wa vitunguu, ametoa gari lake aina ya Noah kuwachukua akina mama. Mama Batuli anakwenda. Noah italetwa gereji Alhamisi ifanyiwe breki za mbele.

Fundi Marko aliacha kucheka. "Milima ile yote," alisema. "Raba ile ikikataa kurudi, pedi zinasugua njia nzima. Diski inapata moto, oili inachemka. Kwenye mteremko unakanyaga, mguu unaenda na hewa."

"Rudi, fundi. Uifanye wewe."

"Siingii pale. Nilifukuzwa mbele ya watu."

"Basi nipe raba."

"Nikupe, uzifunge vibaya, halafu waseme Marko ameua akina mama wa harusi?"

Nilibaki nimekaa. Labda ni hilo lililomshinda, kwamba sikuondoka. Aliingia ndani akatoka na kalipa kuukuu na boksi lake la raba za akiba, akatandika gazeti mezani.

"Fungua. Nione."

Nilifungua na kufunga hadi vidole vikauma. Kila nilipokosea alitoa vyote akaniambia nianze. Mara ya kwanza raba ilijipinda kwenye mfereji. Mara ya pili nilisukuma pistoni upande, ikakwama. Kisha akaniuliza: "Raba inaoshwa kwa nini?" "Oili ya breki." "Na mikono yako?" "Sabuni, kwanza." Jua lilipoinama alinipa raba mbili za Noah, zimo kwenye karatasi yake. Zilikuwa ngumu na zina kingo. Nilizibana kwa ukucha. Alama ikapotea.

Alhamisi, 12 Februari

Mjomba ameifunga Noah mwenyewe, kwa raba za kopo. Nilimpa mimi, kwa mkono wangu, kwa sababu aliziomba.

Nilijaribu. "Mjomba, raba hizi ni laini sana."

"Laini ndiyo nzuri. Inakaa."

"Fizikia inasema..."

"Kidato cha nne umekimaliza juzi, leo unanifundisha breki?" Hakupaza sauti. Aliifuta pistoni kwa upendo kabisa. "Munira, mama Batuli atakaa mbele kwenye gari hili. Ningekuwa siziamini, ningemweka mke wangu?"

Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Nilikuwa nimejiandaa kuishi na mjomba mwizi. Mwizi angemshusha mkewe. Huyu anaamini.

Ijumaa, 13 Februari

Wanaume walikwenda msikitini, mjomba na Bwana Habibu pamoja, na kutoka huko Habibu alimwalika chakula. Noah ilibaki uwanjani, funguo kwenye msumari. Mvua ilikuwa imesimama lakini mawingu yako chini.

Nilivuka barabara mbio. "Dada Tabu, nisaidie kukanyaga pedeli."

"Ya nini?"

"Nakuomba."

"Na chakula changu?"

"Dada Tabu, nakuomba." Nadhani aliitazama sura yangu. Alivua aproni.

Nilipiga jeki. Nati za gurudumu nilizifungua kwa kupanda juu ya spana kwa miguu miwili, Tabu akicheka, "Mtoto wa Kirangi amekuwa nyani!" Nilitoa pedi, nikamwambia akanyage taratibu. Pistoni ikaanza kuchomoza. Kabla ya kutoka yote nilisema simama, nikaivuta kwa mkono, oili ikanimwagikia hadi kwenye kiwiko. Raba ya mjomba ilikuwa ndani, imejaa mfereji wote. Siku moja tu, na tayari ilikuwa imeshika pistoni kama gundi. Niliitoa kwa kijiti, nikaitia mfukoni. Mfuko uleule, niliwaza, ndivyo alivyokuwa anafanya.

Nilinawa kwa sabuni. Nikaosha tundu kwa oili ya breki, nikapitisha kidole kwenye mfereji kutafuta kutu, hakukuwa na kutu. Nikaweka raba ya Marko, nikaizungusha kwa kidole hadi nikajua haikujipinda popote. Nikailoweshea pistoni oili, nikaisukuma wima kwa viganja viwili. Iliingia kama mtu anayejua nyumba yake.

Upande wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Pistoni ilienda upande. Nikasikia kichwani "toa, anza," nikaitoa, nikaanza. Jasho lilinidondokea, nikaogopa hata jasho lisiguse raba.

Kisha kutoa upepo. Nilifungua kidogo ile skrubu ndogo ya kutolea, nikavisha bomba lililozama kwenye chupa ya oili.

"Kanyaga! Shikilia! Achia!"

"Unapiga kelele hivyo tangu lini?" Tabu aliuliza kutoka ndani.

"Kanyaga!"

Mapovu yalitoka, yakapungua, yakaisha. Nikajaza oili. Tabu akasema, "Sasa imekuwa ngumu kama jiwe. Ni vizuri au vibaya?" Nilikuwa nalia.

Nilikuwa nakaza nati ya mwisho mjomba alipoingia. Alitazama gurudumu, akatazama maji ya sabuni, akatazama mikono yangu.

"Unafanya nini?"

"Nasafisha magurudumu, mjomba. Ya harusi."

Kisha akachukua funguo, akazunguka uwanja na Noah, akakanyaga. Gari lilisimama palepale. Akashuka anatabasamu.

"Umeona? Raba zangu hizo."

Jumamosi, 14 Februari

Wameondoka baada ya swala ya alfajiri. Sijala.

Jumapili, 15 Februari

Wamerudi wote. Mama Batuli analalamika miguu tu.

Jumatatu, 16 Februari

Nilidhani limekwisha. Bwana Habibu alikuja kushukuru, akakaa kwenye benchi na wateja.

"Abdulwahab, mikono yako! Tumeshuka milima ile na akina mama tisa na masufuria yao, mvua inapiga. Gari unaligusa tu, linatii."

"Kazi ya zamani hiyo," alisema mjomba. "Hawa vijana wa vitu vipya hawajui."

Na jioni, nyumbani, nilisikia kopo linafunguliwa. Alikuwa anaongeza raba. Nyingi kuliko mwanzo, na anaimba.

Nilielewa nilichofanya. Nimewaokoa akina mama tisa, na nimempa mjomba ushahidi wa kuwafungia watu wengine wote.

Nilitoka nje. Nilitoa zile raba mbili mfukoni, nikaziweka juu ya gunia mbele yake.

"Hizi ndizo ulizomfungia Habibu. Zilizoshuka milimani ni za fundi Marko. Nilizifunga Ijumaa."

"Nani alikufundisha?"

"Yeye."

"Nani mwingine anajua?"

"Tabu alikanyaga pedeli. Hajui alikuwa anakanyagia nini."

Aliokota moja, akaivuta. Ilivutika. "Zangu zingeshuka vilevile," alisema.

Sijawahi kumtazama mjomba usoni kwa muda mrefu. Nilimtazama.

"Basi kesho mfungie mteja, mjomba. Lakini usiitie kwenye pakiti. Mpe aishike, mwambie imetoka kwenye kopo hili."

Alifungua mdomo. Nilingoja. Mvua ilianza tena juu ya bati la stoo, naye akabaki hivyo, raba mkononi, hadi mama Batuli akatuita tule. Hakuja kula.

Alhamisi, 19 Februari

Tumeanza kufunga. Saa tatu asubuhi mjomba ameingia gereji na fundi Marko nyuma yake, na spana zake kwenye kitambaa. Mjomba akawatangazia wateja waliokuwepo:

"Jamani, mwezi ni wa kusameheana. Huyu Mgogo nimemsamehe."

Masikio yangu yaliwaka. Nilimtazama Marko nikitegemea atageuka aondoke. Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo, usiseme. Kisha akainua mikono juu.

"Mmesikia? Nimesamehewa na Mrangi! Nipeni cheti!"

Watu walicheka sana. Mjomba pia alicheka, lakini alikuwa ametazama chini, kama mimi.

Baadaye nilimwuliza Marko kwa nini amekubali. Alisema, "Amekuja kwangu jana kwa miguu, kwenye tope. Mbele yangu alisema yote. Mbele ya watu aseme anachoweza." Sijui kama mimi ningeweza.

Jumatatu, 23 Februari

Mjomba na Marko wanawapigia simu wote waliofungiwa breki tangu kabla ya mvua. Wanawaambia ni ukaguzi wa masika, bure. Magari yanakuja. Marko anafungua, mimi nafunga, mjomba anatuletea raba kutoka dukani, na kila anapoleta naibana kwa ukucha mbele yake. Haniambii kitu. Kopo halipo tena stoo. Nimetafuta pia nyuma ya choo na chini ya karo. Bado natafuta.

Mmoja tu hapatikani. Alikuja Jumapili moja ya Desemba na pikapu nyeupe iliyobeba miche ya mizabibu, akasema anakwenda mbali, na namba aliyoacha haiiti. Kila pikapu nyeupe ikipita natoka hadi barabarani.

Wewe uliyesoma hadi hapa, nitunzie haya. Ukimkuta fundi Marko anajigamba kwamba amesamehewa, cheka naye. Usimwambie mtu kuhusu kopo, wala habari za Ijumaa ile, maana gereji ikifa hakuna atakayewaita waliobaki. Lakini kama pikapu hiyo ni yako, njoo Kizota leo, polepole, kwa gia ndogo. Usiulize kwa nini. Njoo tu.